Europass mikononi mwa mhitimu wa Zanzibar: tathmini ya huduma ya bure ya kuandikia wasifu

Europass ni huduma ya mtandaoni ya Umoja wa Ulaya inayomwezesha mtu kuandika wasifu wake wa kazi, ambao wengi wetu tunauita CV, pamoja na barua ya maombi, bila ya kulipa chochote. Ilianzishwa kwa uamuzi wa Bunge la Ulaya na Baraza la Umoja huo wa mwaka 2004, ikaanza kutumika mwaka 2005, na tovuti inayotumika sasa ilizinduliwa Julai 2020. Haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ilikusudiwa kumsaidia mhitimu wa Ureno aeleweke anapoomba kazi Finland. Hata hivyo haimuulizi mtu uraia wake kabla ya kumfungulia, na kijana aliyeko Wete au Mwera mwenye simu yenye intaneti anaitumia sawasawa na mwenzake wa Lisbon. Kwa kazi yangu napokea maombi ya wanafunzi wanaotafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo na ya wahitimu wanaotafuta ajira, na wasifu zilizotengenezwa kwa Europass zimeanza kuonekana mezani kwangu. Kwa hiyo nimeona inastahili kutathminiwa kwa uzito, kwa mahitaji ya mtu wa hapa.

Niseme mapema ninavyoiona. Kazi ambayo Europass inaifanya vizuri ni kuuliza: inamkalisha mhitimu mbele ya maswali ambayo pengine hajawahi kuulizwa na mtu, kwa mpangilio unaoeleweka, na mwisho inamtolea karatasi safi. Kazi isiyoifanya, ingawa wengi hudhani inaifanya, ni kumtafutia majibu. Anayeingia humo akiwa hajakaa kufikiri alichokifanya katika miaka yake ya chuo atatoka na wasifu wenye sura nzuri usiosema kitu.

Ili kuipima kwa haki ni lazima tuangalie inashindana na nini. Wanafunzi wetu walio wengi huandikiwa wasifu steshenari. Mtu huingia, akataja jina lake, tarehe ya kuzaliwa na skuli alizosoma, na kijana aliyekaa kwenye kompyuta hufungua wasifu wa mteja aliyetangulia, akafuta jina na kuandika jengine. Matokeo yake ni kwamba waombaji kumi wa nafasi moja huleta sentensi ileile ya utangulizi inayosema kuwa ni watu wanaojituma na wanaoweza kufanya kazi bila ya kusimamiwa, na wote wanapenda kusoma vitabu, kuangalia mpira na kubadilishana mawazo. Humo humo hutiwa dini, hali ya ndoa na namba ya kitambulisho, mambo ambayo mwajiri hakuyauliza, na faili lote hubaki katika kompyuta ya dukani ambapo kila anayekaa kwenye kiti kile anaweza kulifungua. Siwalaumu wenye steshenari. Wao huuza kazi ya kutaipu na kuprinti, na kazi hiyo wanaifanya. Kosa ni la utaratibu uliowapa watu hao jukumu la kueleza maisha ya kielimu ya mtu wasiyemjua.

Mbele ya utaratibu huo, Europass ni hatua kubwa. Unaweza kuanza bila ya kufungua akaunti, ukajaza sehemu moja baada ya nyengine, ukapakua wasifu wako ukiwa PDF na ukaondoka. Ukitaka taarifa zako zihifadhiwe kwa muda mrefu, unafungua akaunti na kila kitu kinakaa humo kikikusubiri. Kuna jambo moja ambalo watumiaji wengi hawalijui: PDF inayotoka katika Europass hubeba ndani yake taarifa zote ulizojaza, kwa hiyo baada ya miezi sita unaweza kuirudisha faili ileile katika tovuti, ikafunguka upya, ukaongeza kazi mpya uliyoipata na kutoa faili jengine. Lakini hilo hufanyika kwa faili la asili tu. Ukiliprinti kisha ukaliskani, au ukalipitisha katika programu nyengine ya kupunguza ukubwa, huna hakika tena ya kulirudisha. Kwa hiyo jitumie faili ya asili kwa baruapepe yako mwenyewe siku hiyohiyo, usiiache katika flashi ya kuazima.

Mpangilio wa sehemu nao unaweza kubadilishwa, na mhitimu mpya anapaswa kuubadilisha. Asiyekuwa na miaka ya kazi aitangulize elimu, kisha mafunzo kwa vitendo, kisha mengineyo. Elimu yenyewe ianze na ya karibuni: shahada au diploma kwanza, kidato cha sita na cha nne baadaye. Skuli ya msingi haina haja ya kutajwa na mtu mwenye shahada.

Katika sehemu hii ya elimu kuna mtego ambao nimeuona ukiwanasa watu wenye akili zao, na nitaueleza kwa kirefu kwa sababu tovuti haitakuonya. Chini ya kila cheti, Europass inakupa nafasi ya kuchagua ngazi ya elimu yako kwa kipimo cha Ulaya chenye ngazi nane. Mhitimu wetu anapoona neno ngazi na namba pembeni yake hukumbuka ngazi za NTA alizozizoea, yaani ngazi za tuzo za elimu ya ufundi za Tanzania, ambazo diploma ya kawaida ni ngazi ya 6 na shahada ya kwanza ni ngazi ya 8. Bila ya kusita huchagua 8. Katika kipimo cha Ulaya, ngazi ya 8 ni shahada ya uzamivu, udaktari wa falsafa. Shahada ya kwanza ni ngazi ya 6 na ya uzamili ni ya 7. Mwenye diploma naye akichagua 6 kwa mazoea, anajitangaza kuwa ana shahada. Msomaji wa Ulaya atakayekutana na kijana wa miaka 23 mwenye ngazi ya 8 hatafikiri kuhusu tofauti za mifumo. Atafikiri kuhusu uaminifu wa muombaji. Tanzania haimo katika mpango huo wa ngazi za Ulaya, na nafasi hiyo si ya lazima kujazwa. Ushauri wangu ni kuiacha wazi na kuandika jina la cheti kama lilivyo katika cheti chenyewe.

La pili linalofanana na hilo ni wastani wa alama. Vyuo vikuu vyetu hutumia GPA ya juu kabisa ya 5.0, ambayo daraja la kwanza huanzia 4.4 na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Marekani hutumia 4.0. Ukiandika GPA 3.8 peke yake, mtu mmoja ataisoma kuwa ni alama za kukaribia ukamilifu na mwengine ataisoma ilivyo, na wewe huna udhibiti wa nani ataishika karatasi yako. Andika 3.8 kati ya 5.0, na ongeza daraja lake. Europass ina nafasi maalumu ya alama za mwisho na nafasi nyengine ya kichwa cha utafiti wa mwisho, na hii ya pili wahitimu huiruka mara nyingi. Ni hasara. Mwanafunzi aliyetafiti maji ya visima vya shehia yake, au namna wakulima wa mwani wanavyouza mazao yao, ana jambo la pekee ambalo muombaji mwengine hawezi kulinakili, na mstari mmoja wa kichwa hicho humfanya msomaji apate swali la kumuuliza siku ya usaili.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni jedwali la lugha, na naamini ndiyo iliyo na faida kubwa zaidi kwa watu wa Visiwani. Limejengwa juu ya mfumo wa Baraza la Ulaya uliochapishwa mwaka 2001, wenye ngazi sita, kutoka A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea. Kila lugha isiyokuwa ya kuzaliwa inapimwa mara tano: kusikiliza, kusoma, kuzungumza na mwenzako, kueleza jambo peke yako, na kuandika. Kiswahili unakichagua kuwa lugha yako ya kuzaliwa na hakuna la zaidi unaloulizwa juu yake.

Fikiria kijana wa Kiwengwa aliyekulia karibu na hoteli zinazopokea Waitaliano. Hakuwahi kukaa darasani kwa ajili ya Kitaliano, hana cheti, lakini anamsikia mgeni, anamuelekeza, anamuuliza habari za safari na kumtuliza anapolalamika. Katika wasifu wa steshenari lugha hiyo ama haionekani kabisa, kwa kuwa hana karatasi ya kuithibitisha, ama inaandikwa kwa neno moja tu, nzuri, ambalo halimwambii mwajiri kitu. Katika jedwali la Europass kijana huyu anaweza kuandika B1 katika kusikiliza na kuzungumza, A2 katika kusoma na A1 katika kuandika. Meneja wa hoteli akiuona mstari huo anajua papo hapo kuwa huyu anafaa kukaa mapokezi au kuwapeleka wageni matembezini, na kwamba asipewe kazi ya kuwajibu wageni kwa baruapepe. Cheti kinaweza kuambatanishwa kikiwepo, lakini kutokuwepo kwake hakukuzuii kujaza.

Kiarabu ni habari nyengine, na hapa jedwali linatutaka tuwe wakweli zaidi. Watoto wengi wa Unguja na Pemba hujifunza kusoma herufi za Kiarabu mapema sana, na wapo wanaofika utu uzima wakiwa wamehifadhi juzuu nyingi na wanasoma kwa tajwidi isiyo na dosari. Lakini kusoma kunakopimwa na jedwali ni kusoma kwa kufahamu, mfano kulielewa tangazo au barua ya ofisi. Anayesoma Qurani vizuri na hawezi kulifahamu gazeti la Cairo asijiandikie B2 katika kusoma. Aandike A1 au A2 iliyo sahihi kwake. Elimu yake ya Qurani isipotee lakini. Kuhifadhi kuna mahali pake katika elimu na mafunzo, ushindi wa mashindano ya kuhifadhi una sehemu ya tunzo, na miaka ya kufundisha madrasa ni uzoefu wa kufundisha ambao unapaswa kuandikwa kwa jina lake, pamoja na umri wa wanafunzi na idadi yao.

Kuhusu Kiingereza nitasema kwa ufupi kwamba C2 ni ngazi ya mtu anayeweza kuandika na kujadili jambo gumu bila ya kubabaika, na usaili wa dakika kumi hutosha kuonesha kama ngazi hiyo ni ya kweli.

Sasa nije kwenye udhaifu mkubwa wa huduma hii. Katika sehemu ya uzoefu wa kazi, baada ya kukuuliza cheo, mwajiri, mji na tarehe, Europass inakufungulia kisanduku kitupu cha kueleza majukumu yako. Hapo ndipo wasifu wa mhitimu husimama au huanguka, na hapo ndipo tovuti inapokuacha peke yako. Anayejaza kwa haraka huandika kwamba alisaidia shughuli mbalimbali za ofisi, na kisanduku hukubali, kwa sababu kisanduku hukubali chochote.

Mhitimu mmoja wa uhasibu aliyekuwa akijaza sehemu hiyo alinieleza kwamba hana cha kuandika kwa kuwa hajawahi kuajiriwa. Nilimuuliza msimu wa karafuu huwa wapi. Akanijibu, "Nyumbani, namshikia baba daftari." Daftari hilo, alipolieleza, lilikuwa na majina ya wachumaji, pishi alizochuma kila mmoja kwa siku, malipo aliyopewa na aliyokopa kabla, na mwisho wa msimu hesabu yote ya uzito uliopelekwa kituo cha ununuzi cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar na fedha zilizorudi. Binti huyu alikuwa ameendesha orodha ya malipo ya vibarua kwa misimu kadhaa, akiwa peke yake anayejua nani anadai nini, na alikuwa tayari kuituma karatasi isemayo hana uzoefu. Kazi ya nyumbani isiyo na barua ya ajira ni kazi, ilimradi ielezwe kwa ukweli na isipewe cheo cha uongo. Aandike kwamba alitunza hesabu za shamba la familia, ataje msimu ulioanzia na uliomalizikia, aeleze ni watu wangapi aliowalipa na alizilinganisha vipi hesabu zake na stakabadhi za kituoni.

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi, yanadai uangalifu uleule. Tuseme mwanafunzi alipangiwa ofisi ya wilaya. Badala ya kusema alisaidia kazi za masijala, na aseme alipokea na kusajili barua zinazoingia, alizipanga upya faili za zamani kwa mwaka na kwa shehia, na alitengeneza jedwali la kompyuta la kulitafutia faili ambalo awali lilitafutwa kwa mkono. Sentensi ya namna hii humwambia msomaji ni kitu gani kilipita mikononi mwa mtu, kwa chombo gani, na kipi kilibaki ofisini baada ya yeye kuondoka. Ikiwa idadi unaijua, itaje. Ikiwa huijui, usiitunge, kwa sababu msimamizi wako wa fildi ndiye atakayepigiwa simu. Na kwa kuwa wasifu wa Europass wengi huuandika kwa Kiingereza, nashauri maelezo haya yaandikwe kwanza kwa Kiswahili katika daftari la kawaida, kwa lugha ambayo mtu anaikumbukia kazi yake, ndipo yahamishiwe Kiingereza. Wanaoanza moja kwa moja kwa Kiingereza huishia kuokota misemo ya wengine, na msemo wa kuokota hujulikana.

Kisanduku cha utangulizi kinachomtaka mtu ajieleze ni kidogo na kisijazwe kupita kiasi. Sentensi mbili au tatu zinatosha: umesomea nini na wapi, una uwezo gani mmoja au miwili inayohusiana na nafasi hii, na unatafuta nini. Sehemu ya ujuzi wa kompyuta nayo ina tabia ya kukupa majina ya programu ili uyachague kwa kubonyeza, na wahitimu hubonyeza yote, mpaka mitandao ya kijamii ya kupigia soga. Chagua zile unazoweza kukalishwa mbele yake leo ukafanya kazi.

Kuhusu taarifa binafsi, Europass ina nafasi za tarehe ya kuzaliwa, jinsia, uraia na picha, na karibu zote ni za hiari. Kwa maombi ya Uingereza na Marekani picha haitiwi. Hoteli nyingi za hapa huizoea na baadhi huitaka, kwa hiyo isome tangazo kabla ya kuamua, na ikihitajika iwe ya paspoti, si iliyokatwa kutoka picha ya harusi. Namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi isiandikwe katika wasifu unaosambazwa kwa waajiri wengi; nakala yake utaiambatanisha pale tu inapotakiwa.

Sura ya karatasi ni ya kiasi. Kuna violezo vichache vya kuchagua, vyote safi, hakuna kinachovutia sana, na kwangu hilo ni jambo jema. Ukivilinganisha na wasifu zinazotengenezwa kwa programu za kupambia kama Canva, zenye safu mbili, vialama vya rangi na mistari ya kuonesha kwamba mtu anajua Kiingereza kwa asilimia 80, utaona tofauti ya malengo. Asilimia 80 ya nini, hakuna anayejua. Isitoshe, kampuni kubwa za hoteli na mashirika ya kimataifa mara nyingi hupokea maombi kupitia mifumo ya kompyuta inayosoma maandishi kabla ya mtu kuyaona, na maandishi yaliyofungwa ndani ya picha au kugawanywa katika safu huweza kusomwa vibaya au yasisomwe kabisa. Kasoro ya Europass ni kupenda kutanua: nafasi ni nyingi, vichwa ni vingi, na mhitimu asiye na mengi hujikuta na kurasa tatu. Kwa mhitimu mpya ukurasa mmoja ndio unaofaa, na wa pili uwepo kwa sababu inayoeleweka tu. Ondoa kila sehemu uliyoifungua ukaweka mstari mmoja usio na uzito, na kichwa chake kiende pamoja nao.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna upungufu ambao hauna njia ya kuuzunguka. Tovuti inapatikana katika lugha karibu 30, na zote ni za Ulaya. Unaweza kujaza maelezo yako kwa Kiswahili, hakuna kitakachokuzuia, lakini vichwa vya sehemu vitatoka kwa Kiingereza au kwa lugha nyengine uliyoichagua, na karatasi itakuwa na lugha mbili zisizosikilizana. Ofisi inayoandika matangazo yake kwa Kiswahili inastahili kuletewa wasifu wa Kiswahili kuanzia kichwa hadi mwisho. Kwa maombi ya namna hiyo tumia Europass kama mazoezi ya kukusanya taarifa, kisha uandike wasifu wako katika Word au Google Docs kwa mpangilio uleule na vichwa vya Kiswahili: taarifa binafsi, elimu, uzoefu, lugha, ujuzi, wadhamini.

Hili linahusu zaidi ajira za Serikali. Nafasi za Serikali ya Mapinduzi zinazotangazwa na Tume ya Utumishi Serikalini huombwa kupitia mfumo wa Zan Ajira, na zile za Muungano zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huombwa kupitia mfumo wake uitwao Ajira Portal. Katika mifumo hii muombaji hujaza taarifa zake ndani ya mfumo wenyewe, na wasifu ni kiambatanisho tu kando ya barua ya maombi, vyeti vya masomo na cheti cha kuzaliwa. Uzuri wa karatasi hauna nguvu kubwa hapo. Kinachoangaliwa ni kulingana kwa taarifa. Jina likiandikwa kwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa, kwa namna nyengine katika cheti cha chuo, na kwa namna ya tatu katika wasifu, hakuna kiolezo kitakachookoa maombi hayo. Kagua tahajia ya majina yako matatu katika kila karatasi kabla ya kupakia chochote, hasa majina ambayo kwetu huandikwa kwa namna mbili, kama Khamis na Hamisi au Fatma na Fatuma.

Mahali ambapo Europass haina mshindani ni maombi ya masomo ya Ulaya. Programu nyingi za shahada za uzamili za mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus Mundus, ambazo ziko wazi kwa waombaji wa dunia nzima na baadhi yao hulipiwa gharama zote, hutaka wasifu wa muundo wa Europass au huupendelea. Mhitimu mwenye nia ya kuomba huko asisubiri mwezi wa mwisho. Afungue akaunti akiwa bado mwaka wa pili wa chuo, na kila anapomaliza fildi, semina au kazi ya kujitolea aingie na kuiandika wakati bado anakumbuka tarehe na majina ya wasimamizi.

Kwa jumla naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokosekana ni ya Kiswahili na ya kile kisanduku kitupu kisichomuonesha mtu hata mfano mmoja mzuri wa kujaza.

Limebaki suala la wadhamini. Europass haiwahesabu kuwa sehemu ya msingi. Inakubidi uongeze mwenyewe sehemu ya mapendekezo, na wengi hawaioni, wakatuma wasifu usio na wadhamini katika nchi ambayo matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka majina ya watatu pamoja na mawasiliano yao. Waongeze. Mmoja awe mwalimu aliyekusimamia utafiti, mwengine msimamizi wa fildi, na wa tatu mtu anayekujua kwa kazi, awe mwalimu mkuu wa madrasa uliyofundisha au mwenye duka uliyemshikia hesabu. Baba mdogo na shangazi hawafai hata wakiwa na vyeo. Waombe ruhusa kabla ya kuandika majina yao, wapelekee nakala ya wasifu wenyewe ili wajue umesema nini, na namba zao za simu zianze na +255, kwa sababu mtu wa Brussels akibonyeza 0777 simu haitoki.